Erastus Masha Mwarandu, Mwenye Wimbo wa "Debe Halijajaa"

Baba Kasisi, wazee wetu, wakwe na mashemeji, jamaa mliotoka Utange, marafiki mliovuka kutoka Kisiwani na Likoni, na nyinyi akina mama wa Magongo mlioacha shughuli zenu leo: wasifu huu wa marehemu Erastus Masha Mwarandu umeandikwa na dadake mdogo, Philister, naye ndiye aliyesimama mbele yenu kuusoma. Mlangoni mmegawiwa karatasi za ratiba. Zilipigwa taipu Jumatano, na ukurasa wa pili marehemu ametajwa kuwa "karani wa bandari na mpenzi wa muziki". Mtakachosikia hapa ni kirefu kuliko hicho, na mahali pamoja hakipatani nacho. Mnaombwa mvumilie hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1933 huko Utange, Kisauni, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwarandu Boga, seremala wa misheni, na Mama Kadzo. Alibatizwa katika kanisa hili hili mwezi wa Septemba mwaka huo. Baada yake walizaliwa watoto wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, kisha mwaka 1940 akazaliwa Philister. Mama alipokwenda shambani kwenye mihogo, Erastus ndiye aliyembeba dadake mgongoni kwa kipande cha leso, akimwimbia chochote kilichomjia kichwani hadi alale. Mama Kadzo anasema hakuwahi kumsikia akirudia wimbo mmoja siku mbili.

Alisoma shule ya misheni hapa Kisauni kuanzia mwaka 1941 hadi 1948. Alikuwa na mwandiko mzuri na hesabu za wastani. Wazee waliokuwapo wanakumbuka kinanda cha kanisa cha siku zile, ambacho kibonye chake kimoja kilikufa kwa kutu. Kila utenzi ulipofika kwenye sauti ile, kinanda kilinyamaza na waumini wakayumba. Erastus, akiwa na miaka tisa, aliichukua kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Kibonye kilipokosa kulia, yeye aliitoa sauti ile kwa mdomo wake, safi kabisa, kisha akanyamaza akingoja zamu yake ifike tena. Fundi alipokuja kutoka Kisiwani kukitengeneza kinanda, mpiga kinanda alimwambia hakuna haraka. Watu walicheka sana, na Mzee Mwarandu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alitoka nje akacheka peke yake.

Mwaka 1950 marehemu aliandikwa kazi bandarini Kilindini, karani wa kuhesabu shehena. Alisimama gatini na ubao wake wa kuandikia, akitia alama moja kwa kila gunia la kahawa na kila robota la pamba lililoinuliwa na winchi. Alihamia Magongo, Changamwe, akapanga chumba na ukumbi mdogo wa mbele. Mzee Mwarandu alipofariki mwaka 1952, Erastus alimleta Philister akae naye amalize shule, na baadaye akamtafutia nafasi ya kujifunza ushonaji Kisiwani, Mwembe Tayari, kwa Fundi Yeslam. Kila alicho nacho Philister mkononi leo alipewa na kakake. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu ya yanayofuata.

Gitaa lake la kwanza alilipata mwaka 1954 kwa baharia mmoja aliyekuwa anakwenda nchi za baridi, wakabadilishana kwa koti la marehemu baba. Lilikuwa na nyuzi nne tu, na mbili zilizokosekana alizitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa santuri alizozisikia katika mkahawa wa mjomba wa rafiki yake Awadh pale Magongo, santuri zilizoletwa na mabaharia kutoka kila upande wa dunia. Awadh, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, alikuwa na kodiani ambayo jamaa zake hawakupenda aipige. Mwaka 1957 wakampata Matano wa Likoni, mpiga ngoma, aliyevuka na feri kila Jumamosi huku ngoma zake zikichukua nafasi ya watu watatu. Hao ndio walikuwa bandi ya Nyota ya Magongo.

Namna walivyotunga nyimbo, Philister aliiona kwa macho yake, maana walikuwa wakitungia katika ukumbi mdogo wa nyumbani huku yeye akipiga pasi. Erastus alikuja na sentensi moja aliyoisikia kwa mtu. Si shairi, sentensi tu ya kawaida, kama ya mwanamke anayemwambia mumewe avue viatu. Aliizungusha kwenye gitaa hadi ikapata mwendo wake. Awadh akaitafutia jibu kwenye kodiani. Matano hakupiga ngoma kwanza: alitembea. Aliuzunguka ukumbi ule mdogo huku wenzake wakipiga, na kama miguu yake ilijikwaa, alisema, "Hautembei huu," na wimbo ulirudishwa jikoni. Mara nyingine walibishana tangu adhuhuri hadi alasiri juu ya neno moja.

Lakini hakimu mwenyewe hakuwa Matano. Hakimu lilikuwa bomba la maji la Magongo. Nyinyi akina mama mnalijua lile bomba na uvivu wake, debe moja linavyochukua muda hadi kujaa, na foleni inavyofika hadi kwa kinyozi. Erastus aliketi mlangoni kwa kinyozi na gitaa lake alasiri tatu mfululizo, akaupiga wimbo mpya kwa sauti ya chini kama mtu anayejizoeza tu. Kisha aliuacha kwa wiki nzima, akawa anapita hapo akitega sikio. Akimsikia mwanamke mmoja akiuimba chinichini huku akijitwisha debe, wimbo uko hai. Asipomsikia hata mmoja, aliutupa, hata kama ulikuwa umewatoa jasho mwezi mzima. Aliutupa wimbo mmoja wa meli ambao Awadh aliulilia machozi ya kweli.

Na alikuwa na sharti. Wimbo ukienda bombani hauna mwenyewe. Akiulizwa ni wa nani, alijibu, "Nimeusikia tu njiani." Alimwapisha Awadh, akamwapisha Matano, akamwapisha Philister, kwamba wasitamke jina lake hadi wimbo upigwe kwenye ukumbi wa dansi. "Wakijua ni wangu," alisema, "wanaonipenda watausifu, na wasionipenda watauponda, na mimi sitajua kitu." Ilionekana ni busara kubwa. Sote tuliiona hivyo.

Na iliwaletea watu. Dansi yao ya kwanza katika ukumbi wa Changamwe, Agosti 1957, ilihudhuriwa na watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa jamaa. Kufikia mwaka 1959 foleni ya Jumamosi alasiri ilifika barabarani, na watu walitoka Port Reitz na hata Likoni. Walioanza kuingia uwanjani walikuwa wanawake. Walisikia ukianza wimbo ambao walikuwa wameubeba wiki nzima pamoja na maji, bila kujua umetoka wapi, na wakaruka kwenda kucheza kama walioitwa kwa majina. Walikuja kuukuta wimbo wao. Erastus aliwatazama akiwa jukwaani, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na Philister hajaona mtu mwenye furaha kama ile.

Bombani ndiko alikompata pia Jerioth, binti wa Mzee Mwangi, fundi wa reli aliyekuja Changamwe na familia yake kutoka bara. Mzee Mwangi alipopelekewa posa alisema, "Kijana anayekaa mlangoni kwa kinyozi kila alasiri na hata hanyolewi, ndiye nimpe binti yangu?" Hatimaye akampa. Waliofuatana naye siku ile wanakumbuka Erastus alivyokwenda kunyolewa kwanza, upara kabisa, ndipo akarudi kumsalimu mkwewe. Walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 22 Agosti 1959. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kadzo na Mwarandu.

Wimbo wenyewe aliutunga mapema mwaka huo, kabla ya ndoa. Wakati wa uchumba, Jerioth hakuwa na ruhusa ya kuzungumza na kijana mahali popote ila pale bombani, na kwa muda ule tu ambao debe lake lilikuwa likijaa. Siku moja Jerioth alitaka kuondoka, Erastus akamwambia, "Debe halijajaa." Ndiyo sentensi iliyozaa wimbo.

*Debe halijajaa, Jerioth,*
*bado tuna maneno.*

Alikaa nao mwaka mzima kwa sababu aliuona ni wa nyumbani mwake. Matano alipotembea kuupima kwa mara ya kwanza, alizunguka ukumbi mara saba na hakusimama. Februari 1960, kwa ruhusa ya mkewe, Erastus aliondoa jina la Jerioth na kuupeleka bombani. Haukuchukua wiki. Siku ya nne Bi. Mastura, muuza mahamri wa pale bombani, aliuimba akikanda unga, na foleni nzima ikaitikia. Erastus alikuja nyumbani akaketi kitako sakafuni. Alisema, "Huu, hata nikifa kesho, nimefanya kitu." Wakapanga kuupiga ukumbini Jumatatu ya Pasaka.

Sasa wasifu unafika mahali ambapo Philister angetamani mtu mwingine ausome.

Jumatano tarehe 16 Machi 1960, Fundi Yeslam alikuwa amekwenda kusali alasiri na kumwacha Philister peke yake dukani. Alikuwa akishona mashati ya sare, ya bandi moja kubwa ya Kisiwani. Mwimbaji wa bandi hiyo, Bwana Mahfudh, aliingia kujaribu shati lake na akamkuta Philister ameinamia cherehani, anaimba.

"Dada, waimba nini hicho?"

"Wimbo tu."

"Wa nani?"

Philister alikumbuka sharti. Kwa kweli alijivuna kwa kulikumbuka. Alisema, "Hauna mwenyewe. Ni wimbo wa bombani, kwetu Magongo."

"Hebu uimbe tena, tafadhali. Polepole."

Aliuimba. Aliuimba mara tatu, na mara ya tatu Bwana Mahfudh alimpigia mwendo kwa mkasi mezani. Philister katika kwaya hii husimama mstari wa nyuma, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba aimbe peke yake. Alifurahi. Huo ndio ukweli wote: hakulazimishwa, hakudanganywa, alifurahi. Aliondoka dukani siku ile akiwa amesahau kufunga mlango wa nyuma.

Jumamosi tarehe 9 Aprili, alasiri, Nyota ya Magongo walikuwa mkahawani wakinywa chai baada ya mazoezi. Redio ilikuwa ikirusha bandi ya Bwana Mahfudh. Wimbo ulipoanza, Awadh alicheka akidhani ni mzaha ambao Erastus ameupanga. Maneno yalikuwa yamebadilishwa, *moyo haujajaa, bado nakungoja,* lakini wimbo ulikuwa ule ule, na jibu lake, na pale ambapo Matano huinua mguu. Awadh alipomtazama Erastus usoni, aliacha kucheka.

Bandi ile haikuwahi kufika Magongo. Hakuna aliyejua imeupataje. Awadh alitaka waufiche. Erastus alisema, "Ni wetu. Tutaupiga."

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 18 Aprili, ukumbi wa Changamwe ulijaa kuliko siku zote. Gitaa lilipouanza wimbo, wanawake waliruka kama kawaida. Kisha mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Wa Mahfudh huo!" Mwingine, "Tupigieni wenu!" Ukumbi ukaangua kicheko, si cha ubaya, kicheko cha watu waliomshika mwenzao anawadanganya. Matano aliacha kupiga. Awadh aliacha. Erastus aliendelea peke yake hadi ubeti ukaisha, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Philister alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alijua. Alijua tangu Jumamosi ya redio.

Kesho yake marehemu alikwenda bombani, kwa hakimu wake. Philister alifuatana naye. Alimwamkia Bi. Mastura, akamwuliza, "Mama, ule wimbo wa debe uliousikia hapa, waukumbuka ulitoka wapi?"

"Si huu wa redioni, mwanangu?"

"Kabla ya redio. Nilikuwa naupiga pale kwa kinyozi."

Bi. Mastura alifikiri kwa haki kabisa. "Ndiyo, nakumbuka. Nawe nilikuuliza ni wa nani. Si wewe mwenyewe uliyeniambia umeusikia njiani?"

Erastus alimshukuru, akaondoka. Miaka mitatu alikuwa amekubali kila hukumu ya bomba lile bila kukata rufani. Akaikubali na hiyo.

Watu wengi waliona baada ya hapo kwamba alikuwa na hasira na bandi ya Kisiwani. Hapana. Laiti angekuwa na hasira. Alijigeukia mwenyewe. Alisema kama wao wanao na yeye anao, na hawajawahi kuonana, basi wote wameutoa mahali pamoja, na kwamba yeye, aliyejifunza kila kitu kwa santuri za watu, lazima aliusikia mahali akausahau, kisha ukamrudia akadhani ni wake. Jerioth alimwambia, "Uliutunga mbele yangu, nikiwa na debe kichwani." Alimjibu kwa upole, "Nilidhani nautunga."

Kwa miezi saba alikwenda mkahawani kila alipotoka kazini, akasikiliza santuri zote za mjomba wa Awadh moja baada ya nyingine, akitafuta mahali alipouiba wimbo wake. Alipata moja ya Kihispania yenye sauti nne zinazofanana. Alikuja nayo nyumbani kama mtu aliyeletewa barua ya msiba.

"Sauti nne, nduyangu?" Awadh alimwambia. "Hata king'ora cha bandari kina mbili zako. Nacho utakiomba radhi?"

Matano alicheka. Erastus hakucheka. Aliirudia santuri ile tena na tena hadi ikaanza kukwaruza.

Kwa nini Philister hakusema? Mwanzoni aliogopa hasira ya kakake. Kisha akaogopa watu wa kanisa, msichana wa kwaya aliyemwimbia mwanamume wimbo wa dansi dukani peke yake. Kisha akajiambia kakake ametulia, mbona amchokoe. Kisha siku zikawa nyingi kiasi kwamba kusema wimbo ni wa kakake kungekuwa pia ni kusema, "nilikutazama ukizama na sikukunyoshea mkono." Kila sababu ilikuja ilipohitajika. Wakati huo wote alikuwa akiishi katika nyumba ya kakake, akila chakula chake, na jioni akimkuta ameketi na gitaa mapajani bila kulipiga.

Erastus alijaribu nyimbo mbili mwaka 1961. Kila alipopata mwendo mzuri, alisimama katikati akauliza, "Huu nimeusikia wapi?" na kuuacha. Hakupeleka tena kitu bombani. Nyota ya Magongo wakawa wanapiga nyimbo za wengine, na watu waliotaka nyimbo za wengine walikwenda kuzisikiliza kwa wenyewe. Dansi yao ya mwisho ilikuwa Juni 1962. Matano aliondoka na ngoma zake kwenye feri, na Awadh akaingia dukani kwa jamaa zake, ambao walifurahi. Erastus aliendelea na kazi yake ya bandari, akitia alama moja kwa kila gunia. Wenzake wa gatini wanasema hakukosea hata mara moja.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza mapema mwaka huu. Alikohoa kwa miezi bila kumwambia mtu, na alipobembelezwa kwenda hospitali alisema atakwenda mwezi ujao. Tarehe 11 Septemba alilazwa Port Reitz. Madaktari na wauguzi walimtunza vizuri na familia inawashukuru kwa dhati. Lakini mgonjwa naye ana kazi yake ya kufanya, na marehemu hakuwa na hamu nayo. Jerioth alimfanyia uji kila asubuhi kwa wiki kumi na mbili, na mara nyingi aliurudisha nyumbani kama alivyoupeleka.

Jumapili iliyopita, tarehe 1 Desemba, Philister alikwenda kumwona saa za kutazama wagonjwa. Dirishani kulikuwa na redio ya wodi. Watu walikuwa wakitumiana salamu za Uhuru, na wimbo uliochaguliwa ulikuwa ule ule. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiupigia vidole kwenye chuma cha kitanda.

"Philister."

"Abee, kaka."

"Wasifu wangu utauandika wewe. Una mwandiko mzuri."

"Usiseme hivyo. Utapona."

"Sikiliza. Usiandike kwamba nilitunga nyimbo. Andika nilifanya kazi bandarini, andika nilipenda muziki. Sitaki kuzikwa na uongo."

Philister alikuwa na maneno mdomoni. Alikuwa na dakika ishirini nzima kabla ya kengele ya kuondoka. Alimtazama kakake, mifupa mitupu na macho, na akaona kwamba akisema, uso ule utamgeukia na kujua. Alisema, "Nimesikia, kaka." Alimtengenezea mto. Alijiambia atamwambia Jumatano.

Erastus Masha Mwarandu alifariki Jumanne tarehe 3 Desemba 1963, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini.

Jumatano Philister alipeleka maneno yale kwa mpiga taipu, kama alivyoagizwa: karani wa bandari na mpenzi wa muziki. Alipoziona karatasi zimepangwa mezani hakuweza kukaa. Alhamisi alikwenda nyumbani kwa Bwana Mahfudh, akamweleza yote barazani. Bwana Mahfudh alishika kichwa.

"Wallahi, dadangu, uliniambia hauna mwenyewe. Ningalijua, ningalikwenda kwake kwa miguu."

"Najua. Nataka uwaambie watu."

"Nitawaambia, inshallah. Alhamisi ijayo twaupiga kwenye sherehe za Uhuru, wameutaka wenyewe. Nitalitaja jina lake. Watapiga makofi, kisha wataucheza. Lakini, dadangu, watu waujua kwa sauti yangu. Nani atalishika jina?"

Bwana Mahfudh yuko hapa, amesimama karibu na ukuta. Msimtazame vibaya. Alipewa alichokiomba, na aliyempa ndiye mnayemsikia.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Kadzo. Watoto wake: Kadzo, mwenye miaka mitatu, na Mwarandu, ambaye hajatimiza miwili. Wenzake Awadh na Matano, ambao wamekuja na ala zao wasijue kama wataruhusiwa kuzigusa. Na mjane wake, Jerioth. Jerioth aliambiwa jana. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Miaka mitatu, Philister, na ulikuwa ukila sahani moja nasi?" Kisha akaingia ndani. Tangu hapo hajazungumza na wifi yake, na ana haki. Ameacha pia dada mmoja, aliyejua.

Kakangu aliagiza asizikwe na uongo, na karatasi mliyoshika ni uongo. Mwenye penseli, ukurasa wa pili, afute "mpenzi wa muziki" aandike "mtunzi". Asiye na penseli akumbuke. Ni jambo dogo, limekuja kwa kuchelewa, na mtu mmoja aliyehitaji kulisikia yumo ndani ya sanduku hili, halisikii.

Mungu ampe Erastus Masha Mwarandu mapumziko ya amani ambayo hapa tulimnyima. Wimbo ulikuwa na mwenyewe.